Mota Ndogo za Feni: Kuchagua, Kufunga na Kutunza katika Hewa ya Pwani

Feni ya kutolea moshi jikoni inapoungua, wenye nyumba wengi huenda dukani wakitaka mota yenye nguvu zaidi, ilhali mara nyingi nguvu haikuwa tatizo. Mota hizi ndogo za fezi moja, ambazo nyingi ni za wati 20 hadi 200 na huendesha feni za jikoni, viyoyozi, vikaushio na hita za upepo, huuawa zaidi na joto. Ama zimefungwa mahali pasipopita hewa ya kuzipoza, ama zimepewa umeme au mzigo usiolingana nazo, ama uchafu umezivika blanketi. Katika miji kama Tanga, Mombasa na Unguja huongezeka unyevu na chumvi ya bahari, ambavyo hula beringi na maungio ya nyaya.

Kabla ya kuchagua, soma bamba lililobandikwa kwenye mota ya zamani. Volti ndiyo inayotazamwa na kila mtu, lakini hezi, yaani idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde, husahaulika. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240, na kote ni hezi 50, wakati mota zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Saudi Arabia ni za hezi 60. Mota ya volti 230 na hezi 60 ikiwashwa hapa itazunguka, tena polepole kuliko ilivyokusudiwa, lakini chuma chake kitabeba sumaku zaidi kwa takriban asilimia 20, na mkondo unaoongezeka kwa sababu hiyo hugeuka joto ndani ya koili. Mnunuzi wa vifaa vya mtumba asiridhike na kuiona ikizunguka kwenye kaunta kwa dakika moja.

Baada ya hapo tazama ampea, mizunguko kwa dakika, thamani ya kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuanza), kipenyo cha shafti na upande inakozungukia. Mizunguko isibadilishwe kwa kukisia, kwa sababu wingi wa hewa huongezeka sawasawa na kasi, ila nguvu inayohitajika huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi: panga likizungushwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 20, mzigo wa mota hupanda kwa zaidi ya asilimia 70. Mtu anayebadilisha mota ya mizunguko 900 kwa ya mizunguko 1,350 huku akibakiza panga lilelile ameiongezea mota mzigo zaidi ya mara tatu, hata kama wati zilizoandikwa zinafanana.

Bamba pia huonyesha daraja la kihami cha koili. Daraja B huvumilia hadi nyuzi 130 na daraja F hadi nyuzi 155, na kwa kawaida viwango hivyo vimekadiriwa kwa hewa inayoizunguka mota isiyozidi nyuzi 40. Juu ya jiko la kuchomea nyama hewa hupita kiwango hicho kwa mbali, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza umri wa kihami kwa takriban nusu. Kwa mgahawa, kwa maoni yangu, hakuna sababu ya kuweka mota katikati ya mkondo wa moshi wenye mafuta. Chagua feni ambayo mota yake imekaa nje ya bomba, ikiendeshwa kwa mkanda au ikiwa na chumba chake chenye hewa safi. Kwa jiko la nyumbani mota ya ndani ya mkondo hutosha, mradi alama yake ya kinga dhidi ya vumbi na maji iwe angalau IP44, na IP54 ikiwa inatazama bahari.

Kuna aina tatu utakazokutana nazo dukani. Mota zisizo na kapasita, zenye pete za shaba kwenye ncha za sumaku, ni rahisi na hudumu, ila sehemu kubwa ya umeme wake hugeuka joto, kwa hiyo zinafaa feni ndogo tu zisizofanya kazi siku nzima. Mota za kapasita ndizo za kawaida kwenye viyoyozi na pangaboi. Mota za kisasa zinazoongozwa na bodi ya kielektroniki hutumia umeme kidogo zaidi na kasi yake hurekebishika vizuri; hata hivyo bodi yake huumia umeme unaporuka, na mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo nisingeinunua bila kifaa cha kulinda volti.

Jambo moja huwatatiza hata mafundi wazoefu. Feni ya panga, inayosukuma hewa moja kwa moja kutoka nyuma kwenda mbele, hulemewa bomba linapoziba. Bulowa ya ngoma yenye vijipanga vingi vilivyopinda mbele hufanya kinyume: mlango wake ukizibwa mkondo hushuka, na ikiachwa wazi bila bomba wala chujio mkondo hupanda hadi mota kuzidiwa. Kwa hiyo bulowa ya kikaushio isijaribiwe kwa muda mrefu ikiwa imefunguliwa mezani. Vilevile mota iliyotengenezwa kupozwa na upepo wa panga lake isiendeshwe kwa muda mrefu bila panga hilo, hata kama haina mzigo.

Kwa kufunga, zima swichi kuu, hakikisha kwa kipimo kwamba nyaya hazina umeme, kisha iondolee kapasita chaji kwa rezista ya kiloomu 10 hadi 20 kabla ya kuigusa. Kazi ya nyaya za nyumba ni ya fundi mwenye leseni, inayotolewa na mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Waya wa erthi uungwe kwenye mwili wa mota bila kisingizio, kwani feni ya jikoni hushikwa na mikono yenye maji. Kebo iingie ikitokea chini, au ining'inie kidogo kabla ya kuingia, ili maji yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani. Matundu ya kutolea maji yaelekee chini. Mota yenye bushi, yaani beringi ya bomba lisilo na gololi, ilazwe shafti ikiwa sambamba na sakafu, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu vinginevyo. Yenye beringi za gololi hukaa kwa upande wowote. Skrubu ya panga ikazwe juu ya ubapa wa shafti, na karibu na bahari tumia bolti za chuma kisichoshika kutu.

Ukiwasha, thibitisha mwelekeo kwa kipande cha karatasi. Feni ya panga ikizunguka kinyume utaona karatasi ikisukumwa badala ya kuvutwa. Bulowa ikizunguka kinyume, hewa bado hutoka mlango uleule, ila kwa udhaifu, na ndiyo maana kosa hilo huweza kukaa miaka bila kugunduliwa. Hakikisha pia kwamba chumba kina mahali pa kuingizia hewa mpya: jiko lililofungwa madirisha yote huinyima feni hewa ya kutoa, na hapo lawama huangukia mota bure. Mwishowe pima mkondo kwa mita ya kubana waya, na uandike ampea na tarehe kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko. Namba hiyo itakuwa msingi wa uchunguzi wote utakaofuata.

Kwa hita za upepo, feni iendelee kuzunguka kwa dakika chache baada ya koili za moto kuzimwa, ili joto lililobaki lisirudi kwenye mota, na koili zisiweze kuwaka feni ikiwa imesimama. Nyanda za juu kama Limuru, ambako hewa ni nyepesi, panga lenyewe hupata nafuu ya mzigo, lakini koili za moto hupata hewa kidogo ya kuzipoza, kwa hiyo swichi yake ya joto, inayokata umeme joto likizidi, ikaguliwe mara kwa mara.

Matunzo ni machache lakini hayasubiri. Mafuta ya jikoni yafutwe kwenye panga na mwili wa mota kila mwezi kwa mgahawa. Ukoko ukikaa upande mmoja, panga hupoteza mizani na beringi huanza kunguruma. Beringi zilizozibwa kwa mpira hazitiwi grisi. Bushi zenye tundu la mafuta hutiwa matone machache ya mafuta mepesi ya mashine. Mafuta ya kupikia huganda. Unapoingiza beringi mpya, sukuma pete ya ndani inayokaa kwenye shafti, usipige pete ya nje kwa nyundo.

Mota inayonguruma bila kuanza, kisha ikazunguka ukilisukuma panga kwa kijiti, kwa kawaida ina kapasita iliyochoka. Kapasita ya mikrofaradi 5 inayosoma chini ya 4.5 ibadilishwe kwa ya thamani ileile na volti isiyopungua iliyoandikwa. Kuweka kubwa zaidi ili kuipa mota nguvu huichoma koili ya kuanzishia. Swichi ya joto iliyokatika nayo isiungwe moja kwa moja, kwa kuwa hukatika kwa sababu, na sababu hiyo ndiyo itafutwe kwanza.

Koili zikiungua, kusuka upya mota ya chini ya wati 100 kwa kawaida hakulipi. Kwa mota kubwa zaidi, au ambayo shafti yake haipatikani madukani, mpe fundi bamba na koili za zamani ahesabu mizunguko na kupima unene wa waya. Akiirudisha, ipimwe kwa mega (kipimo cha uzima wa kihami) ya volti 500 kati ya koili na mwili, na ikisoma chini ya megaomu 1 isiwashwe hadi ikaushwe na kupimwa tena.