Paka mdogo: usimwangalie tumbo, mguse mbavu
Manyoya ya paka yanadanganya. Unaweza kumwona kibonge kumbe chini yake ni mifupa mitupu, kwa hiyo tumia vidole. Akishatulia, weka viganja pande zote mbili za kifua chake, upitishe vidole polepole bila kubonyeza.

Sasa linganisha na mkono wako. Kunja ngumi, papasa vifundo vya vidole: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono, papasa mgongo wa kiganja: mifupa ipo ila imefunikwa kidogo, hapo ndipo panapotakiwa. Ukihisi kama upande wa ndani wa kiganja, yaani mbavu huzipati mpaka ubonyeze, amezidi.

Mtazame pia kutoka juu akiwa amesimama. Baada ya mbavu kiuno kiingie ndani kidogo. Tumbo lenyewe usiliamini, hasa akiwa ametoka kula. Tumbo la duara kama puto huku uti wa mgongo umechomoza mara nyingi si shibe, ni minyoo. Huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mizani ya jikoni nayo inafaa, mtie ndani ya bakuli (wangu hakubali mpaka nimtandikie kitambaa). Katika miezi 5 ya kwanza kadiria karibu nusu kilo kwa kila mwezi wa umri. Wa miezi 3 awe na kilo 1.5 hivi. Miili inatofautiana, lakini wiki 2 zikipita bila kuongezeka hata kidogo, mimi sisubiri ya tatu.