Jinsi ya kuweka simu za watu kwenye waifai ya hospitali bila kuua mfumo

Hii ni kwa vijana wa IT kwenye hospitali za huku kwetu, Mwanza mjini, Sengerema, Ukerewe, hata kituo cha afya chenye ruta moja. Ugonjwa ni ule ule, ikifika saa nne asubuhi mfumo pale mapokezi unazunguka tu na foleni imetoka nje, kumbe wodini watu wanaangalia video kwa waifai ile ile inayobeba majibu ya maabara.

Hatua ya 1. Tenganisha kwanza, mambo ya kublock TikTok baadae. Kwenye swichi (kile kiboksi kinachogawa waya za mtandao) tengeneza VLAN tatu, yaani mitandao iliyotengwa ndani ya vifaa vile vile: mashine za hospitali, vifaa binafsi vya wafanyakazi, na wageni. Mashine za hospitali zipe waya kila inapowezekana. Wageni waende intaneti tu, huko kwingine ruta iwakatalie.

Hatua ya 2. Wafanyakazi wasitumie paswedi moja, maana ikibandikwa chumba cha manesi asubuhi, jioni bodaboda wa getini anayo. Weka ulinzi wa waifai unaoitwa WPA2 Enterprise, kila mtu jina lake na paswedi yake. FreeRADIUS, programu ya kukagua hayo majina na paswedi, ni ya bure na inakaa hata kwenye kompyuta ya zamani. Akaunti za intani na wanafunzi wa fildi ziwekee tarehe ya kuisha. Alafu wakati unawaunganisha usiruke ile sehemu ya cheti cha seva (kinachothibitisha waifai ni yenu kweli), ukiruka, mtu akiwasha waifai feki yenye jina lenu anazoa paswedi zote kiulaini.

Hatua ya 3. Anwani za IP, yaani namba ambayo kila simu inapewa ikiunganishwa, na hapa ndo wengi wanakwama. Neti ya /24 (hiyo namba ndo inapanga ukubwa wa neti) ina anwani 254. Wanaokuja kuona wagonjwa asubuhi, mchana na jioni ni watu tofauti, sasa kama lease time (muda simu inaoshikilia anwani) ni saa 24, simu ya mama aliyeshapanda kivuko cha Kamanga karudi zake Sengerema bado imeshikilia anwani, aliyefika jioni simu yake inatafuta IP mpaka anachoka, na wewe unaomba bosi aongeze spidi wakati spidi ipo. Ishushe iwe saa moja, na neti ya wageni ipanue iwe /22, unapata 1,022.

Hatua ya 4. Washa client isolation kwa wageni ili simu zisionane, na kila simu iwekee kikomo cha spidi, 2 Mbps inatosha WhatsApp.

Hatua ya 5. Usimfungie mtu kwa MAC (namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao) ukadhani umemaliza. Kuanzia Android 10 na iOS 14 simu nyingi zinatumia MAC ya kubuni, sio ya kiwandani. Fungia akaunti.

Chaneli (njia za redio) za waifai ya 2.4 GHz tumia 1, 6 na 11 basi. Chumba cha eksirei kina madini ya risasi ukutani yanayozuia waifai, kipe AP (kifaa cha kurusha waifai) yake ndani.

Ukimaliza ingia waifai ya wageni kwa simu yako, piga ping (ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinafikika) kwenda printa ya famasi. Usipige ping kwenda kompyuta, Windows mara nyingi haijibu ping hata neti ikiwa wazi, utaona kimya ukafurahi bure. Printa ikijibu, kagua kama ruta kweli inawakatalia wageni, kisha poti za swichi moja moja, huenda kuna iliyoko VLAN isiyo yake.