Njia ya nje inavuka vipi eria kwenye OSPF? Tuifuate hatua kwa hatua

OSPF ni itifaki ambayo ruta zinatumia kupeana njia za mtandao, eria ni mafungu ya ruta ndani yake, na njia ya nje ni ile iliyoingizwa kutoka nje ya OSPF. Panga ruta nne kwenye mstari. R1 iko eria 1, R2 inaunganisha eria 1 na 0, R3 inaunganisha 0 na 2, alafu R4 iko ndani ya eria 2. Router ID (namba ya kuitambulisha kila ruta) ziwe 1.1.1.1 mpaka 4.4.4.4 ili ukisoma databesi ujue haraka nani kasema nini.

Hatua ya 1: kwenye R1 andika `ip route 10.99.0.0 255.255.0.0 null0`, ingia `router ospf 1`, piga `redistribute static subnets`. Tayari R1 ni ASBR (ruta inayoingiza njia za nje kwenye OSPF), inatoa LSA (tangazo la OSPF) aina ya 5, ile ya njia za nje.

Hatua ya 2: nenda R4, piga `show ip ospf database external`. Utaikuta na mtangazaji bado ni 1.1.1.1, yaani R2 na R3 zimeipitisha tu bila kuigusa. Sasa R4 haina ramani ya eria 1, huyo 1.1.1.1 itamfikia vipi?

Hatua ya 3, na hapa usiharakishe: `show ip ospf database asbr-summary`. Hiyo ni LSA aina ya 4, inayosema ASBR inafikika kupitia wapi, kazi ya ABR (ruta ya mpakani mwa eria, hapa R2 na R3). R2 inaingiza yake eria 0 kwamba 1.1.1.1 anafikika kupitia kwangu kwa gharama kadhaa, R3 nayo inatengeneza nyingine ya eria 2, ndo maana kwenye R4 mtangazaji wa hii ni 3.3.3.3. Niliwahi kukesha natafuta njia iliyoko kwenye databesi ila kwenye routing table haipo, kumbe ASBR yenyewe haifikiki! Siku hizi naanza na `show ip ospf border-routers`, ASBR isipoonekana pale basi aina ya 5 haina faida yoyote.

Hatua ya 4: `show ip route ospf` itatoa O E2 [110/20], E2 ni njia ya nje ya aina ya 2. Hiyo 20 ni gharama yake, haipandi hata uende mbali vipi, ukitaka gharama za ndani zijumlishwe weka `metric-type 1`, mi naipendelea hiyo kama kuna ASBR mbili.

Hatua ya 5: igeuze eria 1 iwe NSSA (eria isiyopokea LSA aina ya 5, njia za nje humo zinatangazwa kwa aina ya 7) kwa `area 1 nssa` kwenye R1 na R2 zote, la sivyo ujirani unakatika. R1 sasa inatoa aina ya 7, R2 inaigeuza kuwa aina ya 5 kwa jina lake, kwahiyo kwenye R4 mtangazaji anakuwa 2.2.2.2. Ila angalia forwarding address (anwani ambako trafiki ya njia hiyo inapelekwa), bado ni ya R1, ukiichuja hiyo anwani isitoke eria 1 basi R4 inaipoteza njia japo LSA bado anaiona.