Kabla fundi wa faiba hajatoboa ukuta wako

Nilianza kazi hii Mombasa mwaka 2004, nikimshikia ngazi fundi wa simu. Intaneti ya nyumbani ilipitia waya uleule wa shaba wa simu. Modemu ilipiga namba, ikalia mluzi, na mtu akiinua mkonga chumba cha pili umekatika. Kasi yake haikuzidi kilobiti 56 kwa sekunde. ADSL, intaneti ya kasi zaidi kwenye waya uleule wa shaba, ilipokuja, simu na intaneti zikatumika pamoja. Tulichomeka kichujio kidogo kwenye kila soketi ya simu ili sauti na data zisigongane. Lakini nyumba ikiwa kilomita tano kutoka kituo cha simu, hupati kitu cha maana, maana shaba huyachosha mawimbi njiani. Masika yakiingiza maji kwenye maungio, simu inakwaruza na intaneti inazima. Halafu wakaja wezi wa shaba.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa. Kabla ya hapo data ya kwenda ng'ambo ilipandishwa setilaiti na kurudishwa chini, na kila ukibofya ulingoja kama nusu sekunde kabla jibu halijaanza kuja. Baadaye tukapata modemu za kuchomeka kwenye kompyuta, kisha ruta za laini ya simu, na sasa faiba, waya wa kioo unaobeba data kwa mwanga, iko nguzoni mtaani kwako.

Kwa faiba, mwanga unaweza kutoka kituoni ukasafiri kilomita nyingi bila taabu, halafu ukaja kufia ndani ya nyumba yako, kwenye mita kumi za mwisho. Hizo mita kumi ni zako. Fundi ana nyumba sita za kufunga siku hiyo, naye atapita njia fupi. Wewe ndiye utakayeishi na tundu alilotoboa.

Kwa hiyo jioni ya kabla ya siku ya kufungiwa, zunguka nyumba. Chagua kwanza ruta itakaa wapi, ndipo ufikirie waya utaingilia wapi. Watu hufanya kinyume. Ruta inataka katikati ya nyumba, kimo cha kifua au zaidi, karibu na soketi ya umeme. Usiiweke nyuma ya televisheni, juu ya friji, ndani ya kabati wala karibu na kioo kikubwa cha kujitazamia. Chuma na vioo hurudisha mawimbi yalikotoka.

Nilikwenda nyumba moja Mji wa Kale ambako bibi mmoja alikuwa amelipa miezi minne bila kumwona mjukuu wake wa Muscat kwenye simu ya video. Ruta ilikuwa dakani, kando ya mlango wa mbele, kwa sababu waya uliishia hapo. Nyumba zile kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na vyumba ni vyembamba kwa kuwa urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ina maana kutoka dakani hadi chumba cha ndani mawimbi yanapita kuta tatu. Hayapiti. Bibi akaniambia, "Mwanangu, mie nilidhani ni simu yangu mbovu." Nilivuta waya wa mtandao kupitia tundu la zamani la antena hadi chumba chake, nikafunga kisambazaji cha pili cha Wai-Fai. Waya wa namna hiyo hufika mita 100 bila kupoteza kasi. Nyumba yako ikiwa ya kuta nene, fanya hivyohivyo, wala usikubali kuuziwa kile kifaa cha kudaka mawimbi na kuyarusha tena. Vingi hula karibu nusu ya kasi.

Tuje kwenye waya wenyewe. Mtaani utaona waya mweusi wenye uzi wa chuma wa kuushikilia. Uzi huo wa chuma ukatwe na kufungwa kwenye ndoano nje ya nyumba. Usiingie ndani, kwa sababu kioo hakipitishi umeme wa radi lakini chuma kinapitisha. Waya usilalie tawi la mwembe. Kusi ikivuma miezi mitatu, ganda limesagika.

Tundu la ukutani litobolewe kwa mshazari, upande wa ndani uwe juu kuliko wa nje, na waya ushuke kidogo nje kisha upande kuingia, ili maji yadondokee pale chini. Lizibwe kwa silikoni siku hiyohiyo. Nimefungua visanduku vingi vya ukutani nikakuta sisimizi wamehamia na mayai yao.

Ndani, ugomvi mkubwa ni kona. Mwanga unapita kwenye kiini cha kioo cha mikroni 9, ilhali unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 70. Ukiukunja waya kwa nguvu kwenye fremu ya mlango, mwanga unatoroka. Mimi hupima kwa kikombe cha chai: mzunguko wowote wa waya usiwe mdogo kuliko mdomo wa kikombe. Mwambie fundi aache mita mbili au tatu za akiba, zimezungushwa vizuri ndani ya kisanduku, maana siku ncha ikivunjika utazihitaji. Ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari na ya bluu haikukatwa hivyo, zisiunganishwe pamoja. Zisiguswe kwa kidole, na usichungulie ncha ya waya hata siku moja. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru.

Kabla hujatia sahihi, mwombe fundi akuonyeshe kipimo cha mwanga. Atasoma namba yenye alama ya kutoa. Kati ya -15 na -25 dBm, furahi. Ikishuka hadi -27 au zaidi, mwambie arudi kwenye maungio, hata kama taa zote zinawaka, kwa sababu mwanga uko ukingoni na vumbi kidogo tu litaukata. Namba hiyo iandike kwa penseli ndani ya kifuniko cha kisanduku pamoja na tarehe. Siku mambo yakiharibika, fundi atakayekuja ataanzia hapo.

Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: kagua kama waya umebanwa na kiti au mlango, kisha piga simu. Kuwasha na kuzima ruta hakutasaidia hapo. Umeme ukikatika mtaa mzima, faiba yenyewe huwa hai, kwani vigawanyio vya mwanga njiani havitumii umeme. Betri ndogo ya ruta inatosha kukuvusha. Soma tu lebo ya chaja yako, nyingi ni volti 12, nawe ununue inayolingana volti na ampea.

Badilisha nywila iliyoandikwa chini ya ruta. Kama kuna majirani wengi, weka mkondo (chaneli) wa 1, 6 au 11 kwenye masafa ya Wai-Fai ya gigahezi 2.4, na vifaa vilivyo karibu na ruta vipeleke kwenye gigahezi 5.

Mwisho pima kasi kwa waya uliochomekwa kwenye kompyuta, ndipo upime kwa Wai-Fai. Kifurushi cha megabiti 20 hushusha faili kwa megabaiti 2.5 hivi kwa sekunde, usidhani umeibiwa. Kipimo cha waya kikiwa kizuri na cha Wai-Fai kibaya, songeza ruta. Vyote viwili vikiwa vibaya saa mbili usiku lakini vizuri alfajiri, rekodi siku tatu mfululizo, kisha wapigie kampuni ya intaneti na hizo namba mkononi.