Namna ya Kutofautisha Majina ya Xbox Kabla ya Kununua

Anza na jina lenyewe: Xbox, mashine ya Microsoft ya kuchezea michezo ya video, ni ufupisho wa DirectX Box, yaani sanduku la DirectX, ule mkusanyiko wa programu za Microsoft unaoendesha michezo kwenye Windows. Mashine ya kwanza ilitoka mwaka 2001. Ya pili, ya mwaka 2005, haikuitwa Xbox 2, kwa kuwa kando ya PlayStation 3, mashine ya mshindani wake Sony, ingeonekana imepitwa. Ikaitwa Xbox 360. Xbox One ya mwaka 2013, licha ya jina lake, ni ya kizazi cha tatu, na hapo ndipo wengi hupotea.

Ukiletewa mashine iliyotumika, usitosheke na herufi X, kwani Xbox One X ya 2017 na Xbox Series X ya 2020 zimepishana kizazi kizima (waliobuni majina haya hawakuwahurumia wanunuzi). Tazama umbo: One X ni bapa kama dekoda, ilhali Series X ni mnara wenye matundu juu. Series S, ambayo toleo lake la awali ni jeupe lenye duara jeusi la matundu, haina mahali pa kuingiza diski, kwa hiyo diski zako za zamani hazitakufaa.