Asilimia ya nini?
Ukikutana na habari kwamba chakula fulani kinaleta saratani, uliza kwanza: asilimia ya nini? Mwaka 2015 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, lilisema kula gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Vichwa vya habari vikaiweka soseji kundi moja na sigara. Ni kweli IARC iliziweka kundi moja, ila kundi hilo hupima uzito wa ushahidi, si ukubwa wa madhara. Na asilimia 18 hiyo ni nyongeza juu ya hatari iliyokuwapo: tuseme wangeugua 5 kati ya 100, sasa wanakaribia 6. Habari isiyotaja tarakimu ya mwanzo, mimi huipita.