Hiyo nyumba ya Dallas isikudanganye ukipiga hesabu ya mali yako

Watu wangu wa majuu, kuna jamaa hapa Texas juzi ananiambia yeye ni mtu wa dola laki nne na zaidi, nikamuuliza umezitoa wapi, akasema si nyumba ni 380,000 halafu kuna zile za 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazini. Nikacheka. Hiyo 380,000 ni bei ya nyumba bro, mkopo bado ni 290,000, yako hapo ni 90,000 na hata hiyo sio yote, coz ukiuza kesho madalali na makaratasi wanaweza kumeza kama asilimia 6 ya bei nzima, sio ya hiyo 90,000, yaani 22,800 imeenda na unabaki na 67,200.

Habari njema ni kwamba faida ya nyumba unayoishi IRS, watu wa kodi wa Marekani, hawaigusi mpaka 250,000 kama uko single, 500,000 kama mme-file kodi pamoja na bibi, bora iwe yako na umeishi humo angalau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho. Ukihama ukaipangisha, hiyo saa inaanza kukuishia, so usilale. Na wale wa Texas tunajisifu hatulipi income tax ya state, lakini kodi ya nyumba inakuja na bili lazima ilipwe kufikia Januari 31, kwa hivyo ukipiga hesabu yako Desemba na hujalipa, hilo ni deni, liandike.

Sasa 401(k) ya kawaida. Ukiona 60,000 kwa app hiyo sio yako yote, hujailipia kodi bado. Mi hukata asilimia 22 kwa makadirio nikaandika 46,800, na ukitoa kabla ya miaka 59 na nusu kwa kawaida kuna faini ya asilimia 10 juu yake. Ile ya Roth ulishakatwa kodi mwanzoni so hiyo iandike ilivyo.

Tukirudi nyumbani Kenya ndio kuna vituko. Ploti ya Kitengela ulinunua shilingi 2,800,000, broka anakwambia saa hii ni milioni 4. Sawa, tuseme ni kweli (broka huwa hasemi bei imeshuka, ushawahi sikia?), faida ni 1,200,000 na tangu Januari 2023 KRA, watu wa kodi wa Kenya, wanachukua asilimia 15 ya hiyo faida, yaani 180,000. Na kama una green card au uraia wa huku, Marekani pia wanataka kuiona hiyo faida, ila kodi uliyolipa Kenya unaweza kuombea ipunguzwe kwa ile ya huku. Halafu badilisha kwa dola ya siku hiyo hiyo, usitumie ya mwaka jana, mwanzo wa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160 na kabla mwaka uishe ilikuwa kama 129, ploti ni ile ile lakini kwa dola ni hesabu nyingine kabisa.

Na ile nyumba umejenga ushago kwa shamba la mzee, hati bado iko kwa jina la guka (babu), na ndugu wenyewe wako sita? Hiyo huwezi uza, andika sifuri. Yangu niliandika sifuri roho ikiuma, na Desemba bado nitaenda kulala humo.